Kulala garini kando ya Ziwa Naivasha

Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na jambo hilo ndilo wageni wengi husahau. Mchana jua linachoma kweli. Saa tisa usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 9, na bati la gari halizuii kitu. Aliyekuja na shuka moja anaanza kuziba kila dirisha, kisha anaingiza jiko la makaa ndani ili apate joto. Tafadhali, usifanye hivyo hata kwa dakika tano. Makaa yaliyofunikwa na majivu yanaendelea kutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua mtu akiwa usingizini. Jiko libaki nje, na meko ya gesi vilevile ukishamaliza kupika.

Dawa ya baridi hiyo ni blanketi mbili nzito kwa kila mtu, kofia ya sufu, na kitu cha kukinga godoro kutoka chini. Madirisha mawili yanayotazamana yaachwe wazi upana wa vidole viwili, yafunikwe kwa neti. Msipofanya hivyo, pumzi zenu zitageuka maji kwenye vioo, na asubuhi godoro litakuwa limelowa upande wa chini. Ukiweka vibao vyembamba chini ya godoro, hewa ipite, halitaota ukungu.

Mahali pa kuegesha ni suala la kiboko kwanza, mandhari baadaye. Usiku hutoka majini kula nyasi, na hurudi kwa njia zake zilezile. Njia hiyo utaijua ukiitazama kwa makini: mifereji miwili sambamba iliyokanyagwa hadi udongo ukawa mgumu, na katikati tuta jembamba lenye nyasi, kwa kuwa miguu yake ya kushoto na kulia imeachana mno. Usiegeshe hapo, wala usisimame kati ya kiboko na maji. Chagua kambi yenye ua wa umeme, na giza likianza kuingia ondokeni ufukweni, hata kama samaki ndio wanaanza kula.

Kuna migunga ile yenye gome la manjano. Kivuli chake ni kizuri, lakini tazama juu kama kuna tawi kavu, na tazama chini kwa miiba. Beba vifaa vya kuziba pancha na pampu. Karibu na maji udongo ni laini. Chukua chuma cha urefu wa sentimita 30 ukisukume ardhini kwa mkono. Kikizama chote, gari litazama pia. Egesha pua ikitazama njia ya kutokea. Ukikwama, punguza upepo wa magurudumu kutoka psi 35 hadi 20 kabla ya kuanza kuchimba, na uyajaze tena kabla hujarudi lami. Kama una friji ya gesi, sawazisha gari kwa vipande vya mbao chini ya magurudumu, kwa sababu friji ya aina hiyo ikiinama haigandishi.

Friji ya kompresa ya volti 12 hula kama ampea-saa (kipimo cha umeme unaotunzwa na betri) 35 hadi 40 kwa siku. Betri ya kawaida ya asidi ya ampea-saa 100 usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Kwa hiyo una siku moja na kidogo, labda uwe na sola. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Waya mrefu usio na fyuzi ukichunika penye bati, gari linawaka.

Maji ya kunywa beba kutoka mjini, lita 5 kwa mtu kwa siku pamoja na ya kupikia. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floridi inazidi kukolea.

Sasa samaki. Ulizia kwanza leseni, na kama ziwa halijafungwa kwa uvuvi. Anayepatikana sana ni kapu (carp), aliyeingia ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vua asubuhi, kabla upepo wa alasiri haujachafua maji. Jina Naivasha lenyewe linatokana na neno la Kimaasai la maji yanayochafuka. Chambo ni ugali. Uusonge mgumu, ukande tena na unga kidogo wa ngano ushike ndoano, kisha uuache ukae chini kabisa, maana kapu hula matopeni. Legeza breki ya rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi), la sivyo ataondoka na fimbo yako nzima.

Wengi humlaumu kapu kwa miba na harufu ya tope. Ondoa ngozi na ule ukanda wa nyama nyekundu ubavuni, kisha mloweke nusu saa kwenye maji ya chumvi na limau. Miba yake midogo imepandana kama herufi Y, haichomoleki. Kwa hiyo mchanje kwa kisu kikali kila baada ya milimita 3 au 4, ukate hadi karibu na ngozi ya upande wa pili kama umeiacha, umtie kwenye mafuta mengi yaliyochemka. Miba iliyokatwa hivyo hukauka ikawa kama bisi, na utaitafuna bila kuihisi.