Sijaukunja Mkeka

Nilipotimiza miaka 60 nilifanya uamuzi nilioudhani wa busara: ile saa moja ya alfajiri niliyokuwa nikiigawa kati ya mikao ya yoga na kutafakari, sasa iwe ya kutafakari peke yake. Goti la kulia lilikuwa linauma, kusimama kwa kichwa kulikuwa kumeanza kunitia hofu, na nilishasikia mara nyingi kwamba mazoezi ya viungo ni shughuli ya ujana na utulivu ni shughuli ya uzee. Nikauweka mto juu ya mkeka, nikakaa.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mitamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha nilikuwa siwezi tena kukaa dakika 20 bila kiuno kulegea na mguu kufa ganzi, na muda niliouita wa kutafakari ukageuka kuwa muda wa kuvumilia maumivu na kuibia macho saa ya ukutani. Siku moja nilikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, na nilipotaka kuinuka ikabidi nishike ukingo wa meza. Mama yangu, katika umri huohuo, aliinuka hapo na sinia la nazi mikononi, wala neno yoga hakuwahi kulisikia.

Katika Yogasutra za Patanjali, maandiko ya kale ya Kihindi kuhusu yoga, ambazo huhesabiwa kuwa mafungu mafupi 196, ni matatu tu yanayohusu mkao, na la kwanza lataka mkao uwe thabiti na wa raha. Uchache huo ndio niliokuwa nimeufanya hoja ya kuvidharau viungo. Sikujiuliza huo uthabiti na hiyo raha hutoka wapi. Kijana hukaa kwa mtaji aliozaliwa nao. Mtu wa umri wangu hulazimika kuutafuta kila siku, kwa kulegeza nyonga na kuipa kazi misuli ya mgongo na mapaja.

Kwa hiyo nimerudi kwenye mikao, ingawa si ile ya zamani. Kusimama kwa kichwa nimekuacha kabisa, kwa sababu huongeza shinikizo ndani ya macho, na katika ukoo wetu presha ya macho ipo. Kuinama mbele huku mgongo umepinda nako nimekupunguza, maana baada ya kukoma hedhi mifupa ya uti wa mgongo huweza kudhoofika hadi ikavunjika kwa mzigo mdogo. Siku hizi ninainama kuanzia nyonga, mgongo ukiwa umenyooka. Nilichoongeza ni kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, na kuketi kitini na kuinuka polepole bila kushika kitu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya mizani ya mwili na ya nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Naona hakuna sababu ya kusubiri nifike huko.

Kiti hicho, nakiri, nilikionea haya. Haya hizo zilipungua nilipokumbuka kwamba B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa Pune, India, aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95, ndiye aliyeeneza matumizi ya viti, mikanda na vipande vya mbao katika yoga, na mwenyewe aliendelea kufanya mazoezi kwa msaada wa vifaa hivyo uzeeni.

Kutafakari sijakupunguzia heshima. Ndiko kulikonifundisha kutambua mapema tofauti kati ya msuli unaovutika na goti linalolalamika, jambo ambalo nikiwa na miaka 35 nililijua baada ya kuumia tu. Lakini mgawanyo wa ile saa siupangi tena kwa kanuni. Kila alfajiri ninapopiga mswaki ninasimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Nikitulia, kutafakari kunapata dakika 40, na nikiyumba, viungo ndivyo vinavyozichukua. Wiki hii nimeyumba siku nne.