Printa iliyogoma kwenye Linux baada ya umeme kukatika
Umeme ulikatika hapa Kariakoo katikati ya kazi. Uliporudi, printa ya steshenari yangu ikagoma: taa inawaka, kompyuta inapokea kazi, karatasi haitoki. Nikabadili waya, nikazima na kuwasha vyote. Wapi!

Kumbe CUPS, programu inayosimamia uchapishaji, ikiikosa printa inaweza kusimamisha foleni ya kazi, na ikisimama haiiamshi yenyewe. Niliandika `lpstat -p` kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri), nikaona kineno: `disabled`, yaani imesimamishwa. Basi nikaiamsha kwa `sudo cupsenable` (sudo ni kutumia ruhusa ya msimamizi) na jina la printa, lile lile alilolitaja lpstat, si lililobandikwa kwenye mashine. Hapo ndipo nilipokosea mara mbili. Karatasi zikamiminika, CV moja nakala sita (nilibofya kwa hasira).

Halafu nikaweka `sudo lpadmin -p jina -o printer-error-policy=retry-job` (pa `jina` weka lile la printa), ili CUPS ijaribu kazi upya na foleni isisimame tena.