Fomu Iliyokaa Chini ya Mto wa Shangazi

Ramadhani ya 2015, iliyoanza katikati ya Juni, ilinikuta Chake Chake nikiwa karani wa shule na nimekwisha kujaza fomu ya mkopo ili nifungue duka la mikate. Shangazi yangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiuza mkate wa kumimina barazani kwake, aliisoma fomu ile mstari kwa mstari, akaikunja na kuiweka chini ya mto wake.

"Kwanza nikalie hapa mwezi huu mmoja, mwanangu," alisema, "halafu nitakupa karatasi yako."

Kazi yenyewe haikunishinda. Tuliloweka mchele baada ya daku, tukausaga kwa tui zito pamoja na sukari, iliki na hamira, na unga ukishaumuka tuliumimina katika sufuria yenye moto chini na makaa juu ya kifuniko. Kila jioni nilitenga fedha ya mchele, nazi na makaa kabla ya kuita kitu chochote faida, na kwa hilo nilijiona mfanyabiashara kamili.

Kilichonishinda ni daftari la madeni. Mzee mmoja jirani, mtu wa heshima zake, alimtuma mjukuu kila alasiri: "Babu kasema uandike." Nikaandika. Hadi kumi la pili linakwisha alikuwa anadaiwa mikate 17, kila mmoja shilingi 2,000, na shangazi akaniagiza nikadai. Mara ya kwanza nilimkuta anatawadha, nikapita kama niliyekuwa na safari nyingine. Mara ya pili nilimwuliza hali tu. Mara ya tatu alinitoa hadi nyuma ya nyumba akanionyesha mikarafuu yake, matumba bado ya kijani kibichi, akasema atalipa akishaanika karafuu zake na kuzipeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ambako wakati ule kilo ya daraja la kwanza ilinunuliwa kwa shilingi 14,000. Nilimshukuru, tena kwa dhati, nikarudi na machungwa matatu aliyonizawadia.

Shangazi aliyatazama machungwa, akavaa buibui lake. Nilimfuata nikasimama uchochoroni. Alimwuliza mzee habari za mguu wa mkewe, akakaa, akamweleza kwamba mwenye duka la mchele hamkopeshi yeye, kisha akanyamaza. Akanyamaza muda mrefu, bila kuona haya wala kukunja uso, hadi mzee akaingia ndani na kutoka na 20,000. Wanaosema biashara inataka moyo mgumu hawamjui shangazi yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikitetemeka ukutani kwa ule ukimya wake.

Siku ya Idi mosi alinirudishia fomu bila kuniuliza neno. Sikuipeleka. Tangu hapo daftari lake naliandika mimi kila Ijumaa, na kudai anakwenda mwenyewe.