Eneo la pembesita lililokuwa likinigomea

Swali lilikuwa jepesi: pembesita yenye pande na pembe zote sawa, kila upande sm 10, tafuta eneo. Kila nikikokotoa napata sm² 300. Kitabu kinasema 259.8. Nikaanza kumshuku mwandishi.

Kanuni nilikuwa nayo sahihi: nusu ya mzingo mara kimo. Kosa lilikuwa kwenye hicho kimo. Nilichukua umbali wa kutoka kitovu hadi kwenye pembe, ambao kwa pembesita ni sm 10 sawasawa na upande (hapo ndipo mtego ulipo). Kinachotakiwa ni umbali wa kutoka kitovu hadi katikati ya upande, mahali mstari unapokutana na upande kwa nyuzi 90.

Nikachora pembetatu moja tu kati ya zile sita zinazopatikana ukiunganisha kitovu na kila pembe, nikaigawa katikati. Kwa Pythagoras: √(100 − 25) = 8.66. Basi ½ × 60 × 8.66 = 259.8.

Kwa pembetano sawa yenye upande uleule wa sm 10 nilitumia tanjenti (36° ni nusu ya 360° ÷ 5): kimo ni 5 ÷ tan 36° = 6.88, eneo takribani sm² 172. Ila kikokotoo kiwe kwenye nyuzi; changu kilikuwa kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe), kikanipa eneo la 16!