Nilivyojifunza kupanga safari ya mto Wami

Mimi ni mwongoza watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, pwani ya Tanzania, mtoto wa mvuvi wa Bagamoyo. Nilipoanza kazi nilikwishajua nyayo za kongoni, kuro na tohe. Ila safari ya boti mto Wami niliipeleka kama nilivyoikuta kwenye ratiba: saa tatu asubuhi, kila siku.

Siku moja ya bamvua, yaani zile siku za mwezi mwandamo au mpevu ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, nilipakia wageni wanne. Maji yalikuwa yanakupwa, yanashuka. Niliyaona, nikanyamaza. Karibu na mlango wa mto boti ikakwaruza, ikasita, ikakaa juu ya fungu la mchanga. Nahodha akainua mashine upesi. Mbele yetu viboko walikuwa wametoa pua na masikio tu, na mto ule una mamba, kwa hiyo kushuka kusukuma halikuwa jambo la kufikiria.

"Mwanangu," nahodha akaninong'oneza, "umekulia pwani, mwezi huuhesabu?"

Neno lile lilinichoma. Baba yangu hatoki na nyavu bila kuhesabu mwezi.

Nikawaambia wageni ukweli: tumekwama, tukae chini, tusipige kelele, maji yatageuka yenyewe. Kadiri yalivyoshuka, tope lilijitokeza pande zote likiwa na matundu ya kaa. Mamba akapanda taratibu, akaacha mchirizi wa tumbo lake kwenye tope, akatulia kinywa wazi. Furukombe alikuwa juu ya mkoko. Katika safari zangu zote za kabla ya hapo sikuwa nimeuona mto ukifunguka vile.

Basi nikanunua daftari. Kila safari naandika tarehe ya mwezi, saa maji yalipokupwa, na fungu lipi lilionekana. Siku za bamvua maji hukupwa mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Jioni saa kumi yamejaa, tope limefunikwa, mamba humwoni. Kila siku kupwa na kujaa huchelewa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Sasa natoka maji yakianza tu kujaa: tope bado liko wazi, na tukigusa mchanga maji yanatuinua.

Ofisini walisita kwanza, maana ratiba inayohama ni usumbufu kwa jikoni na kwa madereva. Niliwaonyesha daftari la miezi mitatu, wakakubali.

Keshokutwa mwezi unaandama. Wageni wangu nimewaambia wanywe chai bila haraka, tunaondoka saa tano na nusu.