Nilivyopweleza klipa kwenye Waddenzee

Klipa ya Uholanzi, chombo cha chuma cha tanga cha kubebea shehena, haina mkuku, yaani uti unaochomoza chini ya chombo. Chini ni bapa kama meza, kwa sababu ilijengwa kubebea viazi, nafaka na matofali hadi mahali ambapo hapakuwa na gati. Nahodha alikilaza chombo juu ya fungu la mchanga, maji yakipwa mikokoteni ikaja, shehena ikashushwa. Injini zilipoingia, vyombo vingi vikang'olewa milingoti. Tangu miaka ya 1970 watu wamevirudishia mlingoti na tanga, chumba cha shehena kikagawanywa vyumba vya kulala, na leo hutoka bandari za Harlingen na Enkhuizen kwenda Waddenzee, bahari ya kina kifupi kaskazini mwa Uholanzi, vikiwa na abiria. Kinachowafurahisha abiria kuliko yote ni ile kazi ya zamani: kupwelewa kwa makusudi, kisha kushuka ngazi na kutembea pale palipokuwa bahari asubuhi.

Anayejua jahazi ataona tofauti mara moja. Jahazi likipwelewa hulala ubavu usipolitia magadi, yaani magogo ya kuliegemeza. Klipa hukaa wima yenyewe. Lakini kukaa wima si kukaa salama, na kazi kubwa ni hesabu inayofanywa kabla ya kutweka.

Klipa niliyoifanyia kazi ina urefu wa mita 25 na huzama mita 1.1. Harlingen maji hupanda na kushuka karibu mita 2. Nilichagua fungu ambalo wakati wa maji kupwa kabisa husimama nusu mita juu ya maji. Maana yake, maji yakijaa, juu ya fungu hilo pana mita 1.5, na chombo kitagusa mchanga maji yakishuka sentimita 40. Maji hayashuki kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza hupungua sehemu moja ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu. Basi maji yakijaa saa nne asubuhi, tutagusa kama saa sita kasoro robo, mchanga utakuwa mkavu saa nane, maji yataufikia tena kama saa kumi na mbili na nusu jioni, na tutaelea kama saa mbili na nusu usiku. Majira ya kiangazi bado kuna mwanga saa hiyo, kwa hiyo kutoka hakuna shida.

Hesabu hiyo ni ya siku tulivu. Upepo wa mashariki husukuma maji nje, na maji ya jioni yakija pungufu kwa sentimita 30 ile akiba ya 40 inabaki 10. Yakipungua 40, mnalala hapo. Kwa hiyo hupwelezi kamwe maji yakiwa kileleni, na siku zinazofuata bamvua, yaani siku za maji makubwa, ongeza tahadhari, maana kila maji kujaa huwa madogo kuliko yaliyotangulia. Kukosea siku hizo ni kukaa mchangani siku kadhaa mkisubiri bamvua nyingine, na abiria wana treni ya kurudi kwao. Nilijiwekea kanuni: bila akiba ya sentimita 30 baada ya kutoa athari ya upepo, sipwelezi.

Ramani haitoshi, kwa sababu mafungu ya Waddenzee huhama. Safari ya mwanzo niliiamini, na tukakaa juu ya mgongo mdogo wa mchanga: chombo kiliinama kidogo tu, lakini milango miwili ya vyumba ikakataa kufunguka kwa saa nane. Tangu hapo huzunguka eneo lote kwanza nikitazama kipimakina, kisha baharia mmoja anasimama omo, mbele ya chombo, na pondo, mti mrefu wa kupimia chini. Pondo lina habari ambazo kipimakina hakina. Mchanga mgumu hulirudisha kwa mlio mkavu. Tope hulimeza na kulishika. Magamba ya kome hukwaruza. Mchanga mgumu ndio unaotakiwa. Kando ya mkondo pasikaribiwe, pana mteremko, na chombo kikianza kuteleza upande huna cha kukishikia. Maeneo yaliyofungwa kwa ajili ya ndege na sili yamo kwenye ramani, nayo ni marufuku.

Nanga hutupwa upande upepo unakotoka. Halafu narudi nyuma kwa injini polepole, mnyororo ukitoka, hadi nanga ishike na iwe mbali na omo. Hili halina mjadala: chombo bapa kikikalia ncha ya nanga yake, bamba la chuma la umri wa miaka zaidi ya mia hutoboka.

Kisha mabawa ya ubavuni. Waholanzi huyaita zwaarden, yaani mapanga: mbao nene za mwaloni, moja kila ubavu, zinazofanya kazi ya mkuku unaokosekana. Safarini bawa la upande wa demani, upepo unakoelekea, hushushwa, na la upande wa goshi, upepo unakotoka, huinuliwa. Kabla ya kugusa, yote mawili lazima yawe juu. Likisahaulika moja, chombo kinaweza kusukumwa juu yake na kulivunja. Kila moja lina uzito wa mamia ya kilo, kwa hiyo nikishalipandisha kwa winchi hutazama kwa macho ulimi wa winchi umeingia kwenye meno, ndipo nautoa mkono wa winchi na kuuweka mahali pake. Mkono ulioachwa kwenye winchi, ulimi ukiruka, huzunguka kwa kasi ya kuvunja mfupa wa mtu.

Usukani nauweka katikati. Injini naizima kabla ya kugusa ikiwa inapoozwa kwa maji ya nje, vinginevyo itavuta mchanga. Mguso wenyewe ukiwa sahihi ni mkwaruzo mwepesi chini ya miguu, basi. Kishindo kinachojirudia ni mawimbi yanayoinua na kuangusha chombo, na ndicho hulegeza ribiti, zile pini zinazounga mabamba. Nikikisikia dakika za mwanzo, navuta nanga na kuondoka maji yakiwa bado yanatosha.

Abiria huhesabiwa wakishuka, majina yakiwa kwenye karatasi, na wote hupewa wakati mmoja wa kurudi: saa kumi na moja na nusu, saa nzima kabla ya maji kufika. Maji hayaji kutoka mbele tu, bali hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma ya mtu. Wakiwa nje, mimi huzunguka chombo na tochi. Kichwa cha ribiti chenye mstari mwembamba wa kutu yenye unyevu kinavuja. Hakichomelewi hapo hapo, maana joto hulegeza ribiti za jirani; naweka alama ya chaki, napiga picha na kuandika nafasi yake kwa ajili ya siku ya chelezo, chombo kinapopandishwa nchi kavu kutengenezwa.

Kikianza kuelea, nafungua mbao za sakafu na kukagua ngama, sehemu ya chini kabisa ambako maji hukusanyika, kila baada ya dakika kumi hadi kiwe huru kabisa. Ngama ikibaki kavu, navuta nanga. Mabawa hayashushwi hadi tuwe ndani ya mkondo.