Siku moja na mama maua wa Ngong Road

Saa kumi na mbili asubuhi nishafika nasari yangu ya maua, natoa turubai, nasalimia soja wa usiku, chai ya thamosi na mandazi moja basi. Watu wakipita na matatu wananiona nimeshika mpira wa maji wanadhani hii ni kazi ya kuota jua. Haya, leo shindeni na mimi.

Kumwagilia kunaenda mpaka saa mbili. Gadenia nazimwagilia mwisho, tena kwa maji ya mvua niliyokinga kwa dramu. Hii kitu ina maringo! Ni kichaka cha majani mazito yanayong'aa kijani mwaka mzima, maua meupe yanayogeuka krimu yakizeeka, harufu inasimamisha mtu barabarani, lakini acha udongo ukauke kabisa au uihamishe ikiwa na vitumba, itaviangusha vyote chini. Asili yake ni Uchina na pande hizo, na iko ukoo mmoja na kahawa yetu ya Kiambu, ndiyo maana hata maua yanafananafana.

Saa nne nakata vipandikizi, urefu wa sentimita kama 10 hivi, chini ya kifundo, natoa majani ya chini, nachomeka kwa mchanga na mboji, nafunika na plastiki, kivulini. Mizizi inachukua wiki kadhaa. Halafu kuosha vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, kwa maji ya sabuni, jani kwa jani, upande wa chini. Mgongo unajua.

Kama saa sita hivi ndio mzee mmoja akaja. Akafungua buti, akatoa gadenia ya manjano tupu, akaitua mbele yangu puu. "Mama, uliniuzia kitu mgonjwa. Nataka pesa yangu." Kulikuwa na kastoma wengine wanaangalia waridi, wakanyamaza kusikiliza, na hapo ndipo panauma maana maneno ya hivyo hutembea.

Nikashika jani. Manjano, lakini mishipa bado kijani. Mzee, unakaa wapi? Kitengela. Maji ni ya wapi? Ya kisima cha kuchimba. Ya chumvi? "Kidogo, lakini si tunaoga nayo." Umepanda kwa udongo gani? Ule mweusi wa kunata, ule kiangazi unapasuka mpaka simu inaweza kutumbukia. Nikavuta pumzi nikamweleza, mzee, hii inataka udongo wenye asidi, pH, yaani kipimo cha asidi, ya kati ya 5 na 6, mchai pia ni hivyo, ndio maana Limuru ilikubali chai tangu 1903, sasa kwako asidi hakuna, chuma cha kuweka majani kijani kinaweza kuwa kimejaa udongoni lakini mizizi haiwezi kukichukua, na kila ukimwagia hayo maji ya chumvi unazidisha shida. Akanisikiliza vizuri kabisa, alafu akasema, "Na vile nimeiwekea jivu kila wiki, jirani aliniambia ni mbolea."

Jivu! Jivu ndio linamaliza asidi kabisa. Nilitaka kucheka nikakumbuka ni mzee.

Tukaanza upya. Nikaitoa, nikatingisha ule udongo, nikaiweka kwa chungu na udongo mwekundu, majani yaliyooza na samadi ya zamani, nikamwambia jua la asubuhi pekee, maji ya mvua, na dawa ya chuma ya kunyunyizia majani. Majani ya zamani yanaweza kuanguka, aangalie machipukizi. Kama hataki hiyo kazi achukue bogenvilia, hiyo haina shida na Kitengela. Akasema ina miiba na wajukuu ni wengi. Chungu nikamwambia 1,200, akasema 600 kwa sababu "hii ni kosa yenu," tukavutana mpaka 900, akatuma M-Pesa pole pole huku akilalamika kuhusu kodi, na bado akataka nimbebee mpaka kwa gari. Nikabeba.

Baada ya hapo siku iliisha tu. Lori la samadi lilichelewa, chakula nikala nimesimama, waridi zikanunuliwa sijui saa ngapi, giza likanikuta napakua magunia.

Niko kitandani, simu inalia. Ni mzee, ametuma picha ya tanki lake la maji, anauliza kama shida ni ile rangi nyeusi. Nimemwambia tutaongea kesho.